Kabureta Kuukuu ya Pikipiki: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Ndani ya kabureta ya pikipiki ya miaka ya 1950 hadi 1980 kuna vitu vingi vilivyoundwa viishe na kubadilishwa, na kimoja tu ambacho kikiisha hesabu yote inageuka. Jeti (vipande vyenye tundu la kupimia petroli), sindano, boya, oringi, gasketi na hata slaidi ni spea za kawaida. Kile kimoja ni bodi, yaani lile bonge la aloi lenye tundu ambamo slaidi hupanda na kushuka unapovuta resi. Bodi ikiwa nzima, kutengeneza karibu kila mara kunalipa. Ikiwa imelika, utafunga seti nzima ya spea mpya na pikipiki itakusumbua vilevile.

Kwa hiyo usianze kwa kununua spea. Anza kwa kupima.

Je, mkosaji ni kabureta kweli?

Kabureta husingiziwa sana, kwa sababu iko nje na hufunguka kwa skrubu chache. Kabla ya kuigusa, maliza mambo mengine. Angalia nafasi ya vali: vali ya kuingiza iliyobana huharibu sailensa (injini inapounguruma bila resi) kwa namna inayofanana kabisa na kabureta mbovu. Angalia platini (swichi inayokata umeme ili plagi itoe cheche): pikipiki nyingi za enzi hizo hutaka uwazi wa 0.35 hadi 0.40 mm, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Pima kompresheni, na weka plagi mpya.

Kisha njia ya mafuta. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Petroli itoke mfululizo, si kwa matone. Iache itoke kwa dakika nzima huku kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Ikianza kwa nguvu kisha ikapungua, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na tangi linajivutia ndani.

Mwisho wa uchunguzi wa nje ni hewa ya wizi inayopenya kati ya kabureta na silinda. Washa injini iwe kwenye sailensa, chukua chupa ya kupulizia maji, nyunyiza ukungu kwenye maungio ya flanji (uso wa kabureta unaofungwa kwa nati) na manifoldi (bomba la kuelekea silinda). Mngurumo ukibadilika, hapo pana mwanya. Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta, na dalili huonekana wazi zaidi, lakini bomba la ekzosi lenye moto liko hatua chache kutoka hapo. Maji yanatosha.

Kiasi cha resi kinasema sehemu gani imechoka

Bandika utepe kwenye mshiko wa resi na uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Endesha pikipiki ikiwa imepata moto, ushikilie resi kwenye kila alama, usikilize.

Toka kufungwa hadi kama moja ya nane ya resi, anayetawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Moja ya nane hadi robo ni mkato ulioko chini ya slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano ya slaidi pamoja na jeti inayoizunguka, ambayo hapa tutaiita jeti ya sindano. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Mipaka hii huingiliana, lakini inakutosha kujua pa kutazama.

Sailensa inayopanda na kushuka bila sababu, mizunguko inayokawia kurudi chini ukiachia resi, na mlio wa chuma kugonga chuma kutoka kwenye kabureta injini ikiwa polepole: hizo ni dalili za slaidi na bodi. Dalili nzito kuliko zote ni skrubu ya sailensa iliyofunguliwa hadi haigusi tena slaidi, na injini bado inanguruma juu. Injini hiyo inapata hewa mahali pengine.

Plagi nyeusi yenye masizi, ulaji mkubwa wa mafuta na uzito katikati ya resi, wakati resi kamili inakwenda vizuri, ni jeti ya sindano iliyopanuka. Habari hii ni njema, maana jeti hiyo ni spea ya bei ndogo.

Petroli inayodondoka kutoka kwenye bakuli (kile chombo cha petroli kilicho chini ya kabureta) ni sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, boya lenyewe, au uchafu tu.

Kupima slaidi na bodi

Hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo uamuzi ulipo.

Slaidi haichakai pande zote sawa. Injini inapovuta hewa huivuta slaidi upande wa silinda, na kila mvuto huigonga kidogo. Kwenye sailensa slaidi imekaribia kufunga, hivyo mvuto ni mkubwa kabisa na kipigo kinaangukia palepale, sehemu ya chini. Pikipiki iliyotembea bila chujio la hewa huongeza vumbi kwenye kazi hiyo, na vumbi na ukungu wa mafuta vikichanganyika hufanya kazi ya msasa laini. Kabureta za Amal Concentric za Uingereza, zilizoanza kufungwa mwaka 1967 na kutumika kwenye Triumph, BSA na Norton, zina udhaifu wa ziada: bodi ni aloi ya zinki na slaidi yake ya asili pia ni aloi ya zinki. Metali mbili za aina moja zikisuguana hutafunana.

Toa slaidi, isafishe, uitazame kwenye mwanga. Sehemu iliyong'aa upande wa silinda ndiyo iliyobeba kazi. Pima kipenyo kwa maikromita mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali pima mara mbili: mbele kwenda nyuma, kisha kushoto kwenda kulia. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo uchakavu wa slaidi. Kisha pima tundu la bodi kwa geji ya ndani: juu kabisa, ambapo slaidi haisugui sana, na chini, inapokaa kwenye sailensa.

Huna geji ya ndani? Rudisha slaidi bila springi, iweke karibu na kufunga, na uchomeke filageji (vile vibapa vya kupimia nafasi) kati ya slaidi na bodi. Kwa kabureta za slaidi ya duara za ukubwa wa 26 hadi 32 mm, tumia kadirio hili: karibu 0.1 mm ni hali njema, 0.2 mm ni onyo, sailensa itakuwa ngumu kutulia, ikifika 0.3 mm, usitegemee skrubu yoyote kukuokoa.

Bado hujui kilicholika ni slaidi au bodi. Kipimo bora ni slaidi mpya ya ukubwa uleule, hata ya kuazima. Itumbukize kwenye bodi ya zamani na uitikise mbele na nyuma. Mchezo (ule ulegevu) ukipotea, mgonjwa alikuwa slaidi: nunua slaidi, shauri limekwisha. Mchezo ukibaki karibu wote, bodi imelika, na slaidi mpya ingekuwa hasara.

Kwa Amal za slaidi ya zinki, slaidi ya kununua ni ile ya aluminiamu iliyotiwa ugumu kwa anodi. Haitafunani na bodi, na hukaa muda mrefu zaidi. Angalia namba ya mkato iliyogongwa kwenye slaidi. Kwa Amal namba hiyo ni sehemu za moja ya kumi na sita ya inchi, hivyo 3 ni inchi 3/16. Kwa Mikuni VM, kabureta za Kijapani, ni milimita, hivyo 2.5 ni 2.5 mm. Namba kubwa zaidi huingiza hewa zaidi na kupunguza uzito wa mchanganyiko resi inapoanza kufunguka.

Jeti ya sindano: senti chache zinazoleta kelele nyingi

Kwenye Amal, jeti ya sindano yenye namba 106 ina tundu la inchi 0.106, yaani karibu 2.69 mm. Inayofuata, 107, ni karibu 2.72 mm. Kati ya saizi mbili zinazouzwa kama bidhaa tofauti pana unene wa takriban 0.025 mm tu. Sindano inayotetemeka ndani ya tundu hilo kwa maelfu ya kilomita hula kiasi hicho kwa urahisi, na huacha umbo la yai. Kwa jicho hutaliona. Pini za kupimia zitakuonyesha. Kama huna pini, usipoteze siku: badilisha jeti ya sindano na sindano yake kwa pamoja, kwani sindano yenye mkwaruzo itaharibu jeti mpya. Jeti kubwa haichakai kwa kasi hiyo, kwa sababu hakuna chuma kinachoisugua. Ikiwa imewahi kuzibuliwa kwa waya wa chuma na mtu mwenye pupa, itupe.

Usimwambie mtu yeyote kwamba kabureta imekwisha kabla jeti hii haijabadilishwa.

Boya, sindano yake na bakuli

Tazama ncha ya sindano ya boya kwa kioo cha kukuzia. Mstari wa duara uliochimbika kwenye ncha maana yake haifungi tena. Badilisha sindano, na kiti chake pia kama kinafunguka. Kiti kilichopachikwa moja kwa moja kwenye bodi, kikiwa na kutu au kovu, ni tatizo kubwa zaidi.

Boya la shaba njano litikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, lina tundu. Litumbukize kwenye maji ya moto na povu litakuonyesha mahali. Kabla ya kulichoma kwa risasi ya kuchomelea, mimina petroli yote itoke na uliache likauke kabisa. Mvuke uliofungiwa ndani ya boya ukipata moto hulipuka. Tumia risasi kidogo iwezekanavyo, kwa sababu kila tone huongeza uzito, boya huzama zaidi, na mafuta hupanda juu ya kipimo.

Kimo cha mafuta kipime bila kubahatisha: funga mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye tundu la kumwagia mafuta la bakuli, uinue kando ya bodi, fungua koki. Mafuta ndani ya mpira yatasimama sawa na yale ya ndani ya bakuli. Linganisha na kipimo cha kitabu.

Flanji na njia ndogo

Flanji hupinda kwa sababu moja: nati zilizokazwa mno. Masikio mawili huvutwa kuelekea silinda, katikati hubaki nyuma, na kwenye Amal Concentric bodi yenyewe hujikunja hadi slaidi inakwama. Weka rula ya chuma juu ya flanji. Filageji ya 0.05 mm ikipita katikati, inyooshe: bandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene, tia mafuta mepesi, sugua flanji kwa mwendo wa namba nane hadi uso wote uwe na rangi moja. Weka oringi mpya, kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, na uache pale inapobana tu. Flanji iliyopinda peke yake si sababu ya kutupa kabureta. Iliyopasuka kwenye sikio, ndiyo.

Amal Concentric nyingi zilizotoka kiwandani kwa ajili ya injini za viharusi vinne zina jeti ndogo iliyobanwa ndani ya bodi, haifunguki. Ikiziba, dawa ya kunyunyiza haitoshi mara nyingi. Toa skrubu ya hewa, na kupitia tundu lake ingiza waya au keekee ya 0.4 mm iliyoshikwa kwa vidole, si kwa mashine, hadi uisikie ikipita kwenye tundu dogo lililo mbele. Kisha piga upepo wa kompresa. Kabureta nyingi huhukumiwa kifo kwa sababu ya tundu hilo moja.

Kusafisha kwa jumla: toa mpira na plastiki zote, tumia mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, maji ya sabuni maalumu ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20. Usitumie soda kali ya kuzibulia mabomba. Huyeyusha aluminiamu na zinki zote mbili. Unga mweupe unaobaki kwenye bakuli ni kutu ya zinki, na huzidi pikipiki ikiegeshwa na petroli yenye ethanoli, ambayo huvuta unyevu. Usugue, kisha angalia mashimo uliyoyaacha. Mashimo kwenye sakafu ya bakuli hayana shida. Yakifika kwenye kiti cha boya, au yakitoboa ukuta kati ya njia mbili za mafuta, bodi hiyo imekwisha.

Uzi uliokufa unatengenezeka kwa kupachika uzi wa springi, mradi ukuta uliobaki ni mnene.

Kabureta za kiwambo

Honda CB450 ya mwaka 1965 ilitoka na kabureta za Keihin ambazo slaidi huinuliwa na mvuto wa injini badala ya kebo, na BMW R75/5 ya mwaka 1969 ikatoka na za Bing za 32 mm za namna hiyo. Kwa hizi, kipimo cha slaidi hakitoshi. Inua slaidi kwa kidole, ziba njia ya hewa iliyo chini ya kiwambo, kisha iachie. Ishuke taratibu. Ikidondoka ghafla, kiwambo cha mpira kina tundu au hakijakaa kwenye mfereji wake. Kiweke kwenye taa uone.

Kinachoua bodi hapa ni ekseli ya kipepeo, lile bamba linalogeuka kufungua na kufunga njia ya hewa unapovuta resi. Ishike mwisho wake na uisukume juu na chini. Mchezo unaoonekana kwa jicho maana yake hewa inapita pembeni mwa ekseli. Mihuri mipya husaidia kama tundu bado ni duara. Likishalika, hukerezwa na kupachikwa bushi za shaba. Kazi hiyo inafaa kufanywa, kwani kabureta za zamani za mfano huu mara nyingi ni ngumu kupata mpya.

Sasa amua

Bodi nzima, vingine vyote vibovu: tengeneza. Slaidi, sindano, jeti ya sindano, sindano ya boya, oringi na gasketi ndiyo orodha kamili. Lakini piga hesabu kabla ya kuagiza. Orodha hiyo ikipita nusu ya bei ya kabureta mpya ya aina ileile, mpya ina nafuu, kwa sababu utapata pia tundu ambalo halijatembea hata kilomita moja.

Bodi imelika, lakini kabureta yenyewe ni adimu au ina namba zinazolingana na pikipiki ya thamani: peleka kwa mkerezaji anayefanya kazi ya kabureta. Tundu la bodi husafishwa lirudi duara, kisha slaidi huvishwa slivu (ganda jembamba la chuma) ili ijaze nafasi mpya. Au bodi yenyewe huvishwa slivu ya shaba njano. Kwa njia ya pili, mwambie mapema kwamba vitundu vidogo vya sailensa visizibwe wala kusogezwa. Ukipokea kazi, mwagia bodi maji ya moto na uitumbukize slaidi: idondoke kwa uzito wake, baridi na moto. Ikikwama ikiwa na moto, siku moja resi itabaki wazi ukiwa barabarani.

Bodi imelika na kabureta si adimu: nunua nyingine. Amal bado zinatengenezwa Uingereza na Burlen, na toleo lao la Premier la Concentric lina slaidi ya aluminiamu iliyotiwa ugumu na jeti ndogo inayofunguka, yaani dosari mbili zilizotajwa hapo juu zimeshaondolewa. Wengine huweka Mikuni VM. Ni kabureta nzuri, ila hesabu pia manifoldi, kebo, mpira wa chujio na siku kadhaa za kutafuta jeti.

Nakala za bei ya kutupa ziogope. Kwa nje hufanana, lakini namba kwenye jeti mara nyingi haiendani na tundu, na slaidi huja na mkato wowote uliokuwepo.

Injini ya silinda mbili yenye kabureta mbili haikubali nusu kazi. Moja mpya na moja kuukuu hazitalingana kwenye sailensa hata ukae nazo usiku kucha.

Kufunga nyingine

Hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi, ifungue, ioshe vinyweleo vya chuma, pima kimo cha boya, soma namba za jeti zote. Usihamishe namba kutoka kabureta moja kwenda nyingine. Namba ya jeti kubwa ya Amal ni kiasi cha mafuta yanayopita kwa dakika, kwa sentimita za ujazo. Ya Keihin au Dell'Orto ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ya 180 ya upande mmoja si 180 ya upande wa pili.

Panga kwa mfuatano huu: jeti kubwa kwa resi kamili, kisha skrubu ya hewa na sailensa, kisha mkato wa slaidi, kisha klipu ya sindano, na mwisho rudi kwenye sailensa. Skrubu ya hewa ianze mzunguko mmoja na nusu kutoka kufungwa. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, injini ikiwa na moto kamili.

Kabureta ya zamani usiitupe. Itie mafuta, iweke kwenye mfuko pamoja na karatasi yenye namba zake zote. Mnunuzi wa pikipiki hiyo kesho ataiulizia. Na baada ya kilomita 50 za kwanza, injini ikiwa imepoa, rudi kwenye nati za flanji. Gasketi mpya huwa imelala kidogo, na kuzikaza tena hadi pale zinapobana tu kunatosha.